Maabara ya nyumbani, Mwanga Kigoma: siku nne za EXSTART, leo FULL

Imekubali! Saa sita na robo usiku ndo nimeona `from LOADING to FULL, Loading Done` na nimepiga ukelele mpaka mdogo wangu kaamka akijua tumeingiliwa na mwizi. Siku nne wadau, nafunga OSPF (lugha ambayo ruta zinaambizana njia za mtandao), ruta mbili zinaonana, zinasalimiana vizuri tu, afu zinagoma kuelewana, zinakwama EXSTART, mwanzo wa kubadilishana taarifa, badala ya kufika FULL, yaani zimemaliza.

Hali ya maabara saivi: R1 ni ruta ya Cisco 2811, R2 ni 1841, zote za mtumba zilikuja na basi kutoka Dar, katikati kuna swichi 2960. Vyote nimevihamishia stoo maana feni za ile 2811 zinavuma kama mashine ya kusaga, dogo alishasema kaka chagua, nilale mimi au liwake hilo dude. Kwahiyo nikawa nafanya kila kitu kwa telneti (kuingia kwenye ruta kwa mbali) nikiwa chumbani, na hiyo telneti nayo ina kesi yake, nitaifikia.

Ratiba ilikuwa Jumatatu nifunge OSPF ya eria moja, Jumanne niingie NAT (kubadili anwani za IP) na ACL (orodha za kuruhusu au kuzuia paketi). Nikaweka OSPF, `show ip ospf neighbor`, R1 inasema EXCHANGE, R2 inasema EXSTART, inakaa hapo weee afu inaanguka na "Too many retransmissions", inaanza upya. Sasa kila aliyesoma 200-301, mtihani wa CCNA wa Cisco, anajua hapo mshukiwa wa kwanza ni MTU, ukubwa wa juu wa paketi inayoruhusiwa kupita. Na mimi niliishuku siku ile ile ya kwanza, hicho ndo kinachoniuma! Nikapiga `show interfaces fa0/0` huku 1500, kule 1500, nikasema basi siyo hiyo, nikaachana nayo.

Baada ya hapo ni kuhangaika tu. Muda wa salamu za OSPF, hello sekunde 10 na dead 40 pande zote, eria 0 pande zote, maski /30, router-id hazigongani, nikabadili waya, nikabadili poti za swichi, nikafanya `clear ip ospf process` sijui mara ngapi. Najua kabisa hello zingekuwa hazilingani isingefika hata hatua ya 2-WAY, ya kuonana tu, ila ukishachoka unagusa chochote mkono unapofika. Na ping inapita asilimia mia muda wote, maana ping ya Cisco usipoiambia kitu inatuma baiti 100, hiyo haina cha kukuambia kuhusu paketi kubwa. Jumatano umeme ukakatika kabla sijapiga `wr` ya kuhifadhi, nikaanza OSPF upya kwenye ruta zote mbili, na tatizo likarudi lile lile bila kupungua hata chembe.

Nikawasha `debug ip ospf adj`, amri ya kuonyesha OSPF inachofanya, nikiamini sasa itasema yenyewe. Kimya. Nikajua hiyo IOS, mfumo unaoendesha ruta, ina hitilafu. Kumbe ukiwa kwenye telneti meseji za debug haziji kwako mpaka uandike `terminal monitor`, zilikuwa zinamwagika kwenye konsoli kule stoo ambako hakuna mtu.

Kilichoniokoa ni Wireshark, programu ya kunasa na kusoma paketi. Leo jioni nikaweka `monitor session` kwenye 2960, ile inayokopi trafiki ya poti moja kwenda nyingine, poti ya R1 kama chanzo, laptop kwenye fa0/24, nikachuja `ospf` nikaanza kufungua DBD mojamoja, zile paketi ambazo ruta zinapeana muhtasari wa taarifa zao. Mle ndani kuna sehemu inaitwa Interface MTU. Ya R1: 1500. Ya R2: 1476. Nikainuka kwenye kiti.

1476! Hiyo namba naijua, ni 1500 ukitoa baiti 24 za GRE, aina ya tanelo inayofunga paketi ndani ya paketi. Mwezi uliopita nilikuwa najaribu tanelo nikaandika `ip mtu 1476`, ila badala ya kuiweka kwenye Tunnel0 nikaiweka kwenye fa0/0, na nikahifadhi. Ndo maana hata umeme ulipokatika ule mstari ulibaki. Na `show interfaces` haiwezi kukuonyesha, ile inasoma MTU ya intafesi yenyewe, haigusi ya IP. Unatakiwa `show ip interface fa0/0`, pale inasema wazi MTU is 1476 bytes. OSPF inatangaza hiyo ya IP. R2 ikipokea DBD inayosema 1500 inaitupa, kwahiyo DBD zinarudiwa na kurudiwa mpaka ujirani unaanguka. Nikaandika `terminal monitor` nijiridhishe, debug ikajibu papo hapo: `Nbr 1.1.1.1 has larger interface MTU`. Siku nne jibu lilikuwa linapita stoo.

`no ip mtu`, FULL. Najua kuna watakaosema ungeweka `ip ospf mtu-ignore` ulale mapema. Sitaki. Hiyo inafunika tu, ujirani unapanda afu MTU zinabaki tofauti, siku paketi kubwa zinagoma huna pa kuanzia. Nitaijua kwa ajili ya mtihani, kwenye ruta zangu haiingii.

Na kwa wanaoniuliza kila siku kwa nini nabeba vyuma wakati Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ipo, naipenda na nilianzia nayo, subnet zote nimezielewea mle, ila ule ni mfano wa ruta na amri nyingi hazipo. GNS3, inayowasha IOS yenyewe kwenye kompyuta, nzuri zaidi lakini laptop yangu ina RAM GB 4, ikiwasha ruta tatu inaanza kuhema. Ukinunua vyuma nunua na kebo ya konsoli yenye chipu ya FTDI, zile za bei chee zinakupotezea usiku mzima kwenye draiva.

NAT na ACL zitasubiri wiki ijayo. Ile monitor session sijaitoa, saivi nakamata DHCP, huduma ya kugawia kompyuta anwani za IP, na nimeona kitu sikuwahi kukiwaza: kompyuta ikishapokea Offer (ofa ya IP), ile Request (ombi la kuichukua) bado inaitangaza kwa wote badala ya kumfuata seva aliyempa. Ni ili maseva mengine yajue hayakuchaguliwa. Nawasha DHCP na kwenye R2 sasa hivi, nataka nimuone aliyekataliwa anafanya nini na ile IP aliyoitoa.