Lenzi imefika, ila kodi imenikata maini

Nimetoka kwa wakala wa forodha hapa Kampala sasa hivi. Lenzi yangu ya kupigia harusi ninayo mkononi, lakini moyo mzito.

Niliiagiza Dubai, ambako VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 5. Japani ni 10, Kenya 16. Kwetu Uganda ni 18, sawa na Tanzania.

18 nilikuwa naijua. Kilichoniuma ni pale wakala alipogeuza karatasi akanionyesha kwa ncha ya kalamu: bei ya lenzi, chini yake nauli ya ndege, chini yake bima. Vyote vimejumlishwa kwanza, ndipo VAT ikapigwa juu ya jumla.

Yaani hata nauli ya mzigo inatozwa kodi!

Halafu kuna kodi ya zuio, ile inayokatwa mapema kwa ajili ya kodi ya mapato, asilimia 6.

Sasa kijana anayeanza kazi hii kule Gulu au Mbale atanunua kamera lini? Lenzi kwetu ni jembe la kazi jamani, tusitozwe kama wanunuzi wa anasa.

Mlioko Nairobi, Kigali na Dar, huko mambo yakoje? Na wenzangu wa hapa, mnanunua mpya au mitumba? Niambieni.