Mrefu, mfupi na yule mwenye mbio

Jumamosi iliyopita nilimaliza mchujo nikiwa na wasichana watatu na nafasi mbili. Kikosi changu cha mpira wa magongo (hoki) ni cha watu 18, kumi na sita nilishawaandika, na hawa watatu nimelala na kuamka nikiwawaza wiki nzima. Hata kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara nilikuwa nafungua daftari, naangalia namba zao, nafunga.

Kwa wasionijua: mchana nashika vitabu vya hesabu kwenye ofisi moja huko Posta. Jioni mbili kwa wiki na kila Jumamosi nafundisha mpira wa magongo, timu ya wasichana ya chuo kimoja hapa Dar. Nalipwa nauli. Nafanya kwa sababu mchezo huu ulinilea, na nchi hii iliwahi kuupeleka mbali. Mwaka 1980 timu ya wanaume ya Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow. India walitufunga 18 kwa 0, naijua, lakini tulikuwepo, na wanangu hawa wengi hawajawahi kuambiwa.

Ugumu wa kuchagua timu ya chuo ni kwamba karibu hakuna anayekuja akiwa mchezaji wa magongo. Wanatoka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na netiboli yao, mpira wa mikono, mbio. Namchagua mtu kwa mwili uliotengenezwa na mchezo mwingine. Ndipo jicho linapokimbilia urefu, kwa sababu urefu unaonekana hata ukiwa bado getini. Bosi mmoja wa michezo aliniambia mwaka jana, baada ya kufungwa, "Mwalimu, safari hii tutafutie watu wenye miili." Nilimwitikia, na kweli nikatafuta miili. Tulifungwa tena.

Ukiuangalia mchezo wenyewe, mwili mkubwa hauna kazi nyingi za halali. Kumsukuma mtu ni faulo. Kumkinga mpinzani kwa mgongo asiufikie mpira ni faulo. Na sheria zimekuwa zikisogea upande wa wenye miguu: kuotea kulifutwa kabisa miaka ya 1990, kwa hiyo mshambuliaji anaweza kukaa nyuma ya mabeki wako na uwanja ukavutika kama mpira wa manati. Tangu 2009, ukipewa mpira wa faulo huna haja ya kumpasia mtu, unaanza nao mwenyewe. Aliyezubaa sekunde mbili akibishana na refa ameshaachwa.

Nilianza kuyafikiria haya mbali sana na hapa. Nilikuwa Boston kwa mwaka mmoja wa masomo, 2013 hadi 2014, na mwenzangu wa chumba alinipeleka Conte Forum kuona Boston College wakicheza hoki ya barafu. Kule wanaume wanaruhusiwa kugongana kwa bega, tena kwa kasi ya viatu vya chuma, na ukuta wa mbao uko pembeni unakusubiri. Nikasema moyoni, hapa mfupi hana chake. Kumbe mchezaji aliyewajaza watu uwanjani alikuwa Johnny Gaudreau, futi 5 na inchi 9, mwembamba, uso wa kitoto. Msimu ule alipata pointi 80 (magoli pamoja na pasi za magoli) katika mechi 40 na kuchukua Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo Marekani. Kocha wao, Jerry York, hakuwa amembahatisha. Kabla yake aliwahi kuwa na Brian Gionta wa futi 5 na inchi 7, na Nathan Gerbe aliyekuwa mfupi zaidi, na akachukua ubingwa wa taifa nao wote wawili, 2001 na 2008.

Nilichokiona kwa Gaudreau sikukitarajia. Hakuwa anawapita watu kwa mbio za moja kwa moja. Alikuwa anapunguza mwendo. Beki anakuja na bega lake lote, yeye anapunguza, mpira wao ule bapa uko mbele yake umetulia kama umefungwa uzi, halafu hatua mbili, hayupo. Mwendo wake akiwa na mpira na akiwa hana ulikuwa ule ule. Msimu huo mdogo wake Matthew naye alikuwa kwenye timu. Agosti 2024 ndugu hao wawili waligongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli, wakafa pamoja. Nililia hapa Kimara kwa watu ambao hawakujua kama nipo duniani.

Basi tangu nirudi, napima kitu kimoja ambacho wenzangu wanakiona cha ajabu. Naweka koni mbili, mita 30. Mchezaji anakimbia mikono mitupu, naandika. Anapumzika, anakimbia tena na stiki mkononi na mpira chini, naandika. Namba ninayoitafuta ni ile tofauti. Uwanja wetu ni nyasi na vumbi, una vichuguu vidogo ambavyo hakuna aliyewahi kuvisawazisha, na mpira unaruka hadi gotini. Juu ya ardhi kama hii mbio za mikono mitupu ni mali ya mtu mwenyewe, timu haizipati.

Sasa wale watatu. Yule mwenye mbio ametoka riadha, mita 30 kwa sekunde 4.8, hakuna aliyemkaribia siku ile. Na mpira, 7.6. Alikuwa anaupiga mbele na kuufukuza, anaufikia, anaupita, anarudi kuutafuta. Yule mrefu alikuwa kipa wa netiboli, mikono mirefu, sauti kubwa, kiongozi hata kabla hujamwambia. Mikono mitupu 5.4, na mpira 7.5. Netiboli ilikuwa bado imo miguuni mwake: kule ukidaka mpira unasimama, na yeye kila akiupokea alisimama, kisha ndiyo anakumbuka kwamba huku anaruhusiwa kwenda. Yule mfupi, wa Mbagala, anayenifika begani, amecheza mpira wa miguu na kaka zake mtaani. 5.1, halafu 5.9. Anakimbia amekunja magoti toka mwanzo, stiki imelala chini upande wa kulia, kichwa kiko juu anaangalia watu. Hakuna aliyemfundisha kuangalia watu.

Wa Mbagala namba zake zilitosha, nikamwandika. Nikabaki na wawili kwa nafasi moja, na namba zilisema niwaache wote wawili au nichague kwa macho tena.

Aliyenifumbua ni mzee wetu. Ni mstaafu wa Upanga, alikulia pembeni ya viwanja vya magongo vya huko enzi zile, anakuja na kiti chake cha plastiki na chupa ya chai ya tangawizi. Alimwangalia yule mrefu muda mrefu, kisha akaniita.

"Binti yangu, umempa stiki gani huyu?"

"Ya stoo, Mzee."

"Hiyo stiki ya mtoto. Mwangalie mgongo."

Nikaenda kumwangalia kwa karibu. Aliishika stiki, kichwa chake kimekaa sawa chini, na kuufikia mpira alilazimika kukunja kiuno hadi nikaona mifupa ya uti wa mgongo imejipanga chini ya jezi. Magoti yalikuwa yamenyooka kama nguzo. Ukikimbia hivyo huoni mbele, unaona vidole vyako. Stiki nyingi tulizonazo ni za msaada, zilitolewa na watu ambao watoto wao walishakua, na mimi mwenyewe ndiye niliyezigawa asubuhi bila kumpima mtu. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nataka kumkata msichana kwa kosa la stoo.

Mzee akatuma mjukuu wake nyumbani. Jumatano yule mrefu alikimbia na stiki ya Mzee mwenyewe, ndefu, mpini umezungushiwa tambara jipya. Kwanza tulimfundisha kitu kimoja tu, kukalia hewa kama anayekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka. Akaanguka mara mbili. Kisha nikabonyeza saa: 6.6. Siku nne nyuma alikuwa 7.5.

Nikasema tumjaribu kona ya adhabu. Hapo ndipo ninapoukubali urefu bila ubishi. Ulinzi ni kipa na wanne tu nyuma ya mstari wa goli, na washambuliaji wakishautoa mpira pembeni ya goli kwenda kwa mpigaji wao, beki wa kwanza lazima achomoke kwenda kuziba shuti kabla halijapigwa. Wa Mbagala alichomoka vizuri mno, lakini mara tatu mpira ulipita pembeni ya stiki yake, mbali kidogo tu na mkono wake. Yule mrefu alichelewa kutoka na bado aliuzuia mara mbili kati ya tano kwa urefu wa mkono peke yake. Nikamweka beki wa kati. Jina la 18 likaandikwa.

Aliyebaki ni yule mwenye mbio kuliko wote. Nimempima tena Jumatano na stiki mbili tofauti, ili dhamiri yangu itulie, na alipata 7.4 na 7.5. Nilimwita pembeni, nikamwonyesha daftari, namba zake zote mbili, nikamweleza kwamba ana kitu ambacho siwezi kumfundisha mtu yeyote, na kinachokosekana ninaweza kumfundisha. Alisikiliza kimya. Macho yalijaa maji ila hakulia.

"Mwalimu, naweza kuazima stiki niende nayo hosteli?"

Stoo yetu ina sheria, kifaa hakitoki. Nilimpa stiki na mpira mmoja, nikaandika kwenye daftari chini ya jina lake: stiki namba 9, mpira mmoja mweupe, arudishe Januari.