Anayesema aks hajakosea

Hili neno la Kizungu ask limenikaa kichwani wiki hii yote. Mpwa wangu alisema "aks" darasani wakamcheka mpaka akanyamaza, na mimi iliniuma sana manake hiyo aks si uzito wa ulimi wala si mambo ya miziki ya Marekani, ni neno la zamani kabisa. Kwenye Kiingereza cha kale kulikuwa na ascian na acsian, zote mbili watu wanaandika, maana ni kuuliza au kuomba. Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, anaandika axe, halafu Biblia ya Coverdale ya 1535, ile ya kwanza kuchapwa nzima kwa Kiingereza, pale penye ombeni nanyi mtapewa imeweka axe. Yaani liko kwenye Biblia jamani! Baadae ask ikashinda na aks ikaonekana ya watu wasiosoma, basi.

Na wenzake ask, maneno mengine ya kuuliza, nao wana yao. Question imetoka Kifaransa, lugha walokuja nayo Wanormani walipoiteka Uingereza 1066, na interrogate ni Kilatini, ndo maana jirani anakuask tu lakini ukisikia interrogate ushajua kuna polisi hapo. Sisi pia tuko hivyo hivyo, kuuliza ni letu la kibantu na kusaili ni la Kiarabu, na hilo la pili utalikuta kwa watu wa kazi na makaratasi, hakuna anayemsaili muuza mahamri bei.

Sasa rudi hapa kwetu. 1928 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilifanya mkutano, tena hapa hapa Mombasa, ikapitishwa Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja, lahaja ya Unguja, na Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikawekwa kando kikiwa kwao. Toka hapo mtoto akiandika ndia badala ya njia, au mato badala ya macho, anapigwa mkasi wa kalamu nyekundu na anaambiwa hajui Kiswahili, mtoto wa Mji wa Kale huyo, mama yake na bibi yake wote wazaliwa wa hapa! Naona ni dhulma kwakweli. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita hiki hiki, na mashairi yake yanafundishwa mpaka chuo kikuu.