Harara ya shingoni: alovera ilikubali baada ya kutoa utomvu wa njano
Jamani joto la Dar lilinitoa harara shingo nzima, ukitoka jasho kidogo tu inachoma, shati lenyewe halivaliki. Poda iliganda na jasho, mafuta ya nazi yakazidisha joto, ndimu hata sisemi. Alovera nayo mwanzoni iliwasha balaa, kumbe ni ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda. Sasa nakata jani nalisimamisha kwenye kikombe mpaka njano yote ichuruzike, naosha, namenya, nakomba ute wa ndani tu, naweka friji kidogo. Naoga maji ya baridi bila kusugua, nagusagusa na kanga kavu ndo napaka. Kuwasha kulikata usiku uleule, vipele vikanywea taratibu. Jaribu kwanza kidogo mkononi, na vikitunga usaha nenda hospitali.