Corolla inayozimika Rond-point Signers

Corolla yangu ya mwaka 1994 ilikuwa ikienda Sake na kurudi bila tatizo lolote, lakini kila iliposimama Rond-point Signers, mzunguko wa barabara hapa Goma, kusubiri pikipiki zipite, ralanti (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) ilianza kuyumba, usukani ukatetemeka, na mara injini ikazimika. Fundi akiambiwa hivyo, jambo la kwanza analopaswa kuuliza ni lini hasa inazimika, kwa maana jibu la swali hilo humwondolea nusu ya kazi. Injini inayosumbua asubuhi tu, ikiwa bado baridi, humpeleka kwenye sensa ya joto la maji au valvu ya ralanti iliyojaa masizi. Inayozimika mguu unapogusa breki humpeleka kwenye mpira wa servo ya breki (kisaidizi cha kukanyaga breki), na inayolegea taa zinapowashwa humpeleka kwenye alternata inayozalisha umeme wa gari. Ile inayokosa nguvu hata mlimani ni ya kuchunguzwa filta, pampu na esansi (petroli) yenyewe, hasa kama imenunuliwa kwa bidoni kando ya barabara. Esansi hiyo ni rahisi kuipima: mimina kidogo kwenye chupa inayopitisha mwanga, uiache itulie, na kama ina maji utayaona yamejitenga chini.

Yangu haikuwa na maji. Fundi wa kwanza alibadilisha buji (plagi za cheche) zote nne, gari likatulia kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi. Tulipozifungua tena, buji zile mpya zilikuwa zimefunikwa masizi meusi makavu, yanayopanguka kwa kidole. Masizi ya namna hiyo si ya oili, kwani oili huacha unyevu unaong'aa. Ni dalili kwamba injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Kuanzia hapo ingefaa swali liwe ni nani anayeiambia kompyuta imwage mafuta kiasi hicho, lakini buji nyingine zikapendekezwa.

Fundi wa pili alikuja na geji ya vakyumu, inayopima jinsi shinikizo la ndani ya injini lilivyo chini ya lile la nje, ikasoma inchi 14 za zebaki, naye akahukumu kwamba valvu zimekwisha na kwamba nitafute injini nyingine mtaani Birere. Kitabu chake kilisema injini nzima husoma kati ya 17 na 21, na ni kweli, ila ni kweli kwa injini iliyo usawa wa bahari. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ina shinikizo la takriban kilopaskali 85 badala ya 101, na kwa hiyo inatubidi tupunguze karibu inchi 5 kwenye namba zote za kitabu. Inchi 14 hapa kwetu ni afya njema, mradi mshale umetulia bila kurukaruka, na wa kwangu ulikuwa umetulia. Sijui ni injini ngapi nzuri zimeng'olewa mjini humu kwa sababu ya hesabu hiyo.

Magari ya Toyota ya miaka ile yana kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukawasha swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi hukonyeza namba ya kosa: mara mbili, kituo, mara mbili, ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Yangu ilikonyeza mfululizo kwa mwendo mmoja, maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Hapo wengi huachana na umeme, ingawa kompyuta hiyo hushtuka hasa waya unapokatika au kugusana. Sensa ikidanganya kwa kiasi, huaminiwa.

Na mdanganyifu alikuwa sensa ya presha, au tuseme kimpira chake chembamba (bomba dogo la mpira) kinachotoka kwenye manifoldi (njia ya kupeleka hewa kwenye silinda), ambacho kilikuwa kimepasuka mwishoni, mahali pasipoonekana mpaka ukikunje. Injini ikiwa kwenye ralanti, manifoldi huwa na shinikizo dogo sana, lakini sensa ilikuwa ikivuta hewa ya nje kupitia ule ufa na kuripoti shinikizo kubwa, yaani hewa nyingi, nayo kompyuta ikaongeza mafuta hadi injini ikasongwa. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, shinikizo la manifoldi hukaribia la nje na uongo ule hupungua, ndiyo maana gari lilikwenda vizuri njia nzima ya Sake.

Kimpira kilibadilishwa, buji zikasafishwa, na sasa zinatoka na rangi ya kahawia hafifu. Atakayefanya kazi hii achague mpira mgumu unaostahimili joto, wenye tundu la kipenyo kilekile, kwa sababu ile mipira laini inayopitisha mwanga hulainika karibu na injini, hujibana yenyewe kwa vakyumu, na ralanti huanza kuyumba upya.