Vile nilielewa CarH kwa pegi na kamba ya nguo

Mwaka wa nne nilipewa CarH nizungumzie kwa semina, dakika 15 tu, na wiki mbili nzima nilikuwa nimekwama. Maneno nilikuwa nayo: ni protini ya bakteria, inahisi mwanga, inaamua jeni gani zisomwe. Lakini inahisi aje na haina macho?

Kilichonifungua ni famasia. Nikiwa atachimenti hapa Kisumu kuna mama alikuwa anatufundisha kupanga dawa, kila asubuhi ni yale yale, "Nyathina, hizo sindano za vitamini B12 usiziache dirishani, mwanga unaziharibu." Sasa usiku mmoja niko kwa nyumba Nyalenda nasoma pepa ya 2015, ile ilionyesha umbo la CarH gizani, ikiwa imeshika DNA, na baada ya kumulikwa, nikafika pale wanasema inabeba aina ya B12 ndani yake. Nikaweka simu chini. Yaani kile sisi tunaita dawa kuharibika, bakteria amekifanya swichi!

Iko hivi. Katikati ya B12 kuna kobalti, aina ya metali, na kwa aina hii ya B12 imeshikana na kaboni kwa kifungo ambacho mwanga unaweza kukata. Gizani CarH nne zinashikana, kila moja na B12 yake, zinakalia DNA pale jeni inaanzia, so polimerasi, hiyo mashine ya kusoma jeni, haipati pa kushika. Mwanga ukiingia kifungo kinakatika, zile nne zinatawanyika, zinaachilia DNA, na bakteria anaanza kutengeneza karotenoidi, rangi za jamii ya ile ya karoti, zinazomkinga na madhara ya huo huo mwanga. Hapo ndio mimi hunyamaza kidogo, kwa sababu hatari yenyewe ndiyo inaita kinga.

Siku ya semina nikaacha slaidi, nikafunga kamba ya nguo mbele ya ubao iwe DNA, nikapitisha bomba la biro tupu liwe polimerasi, halafu pegi nne ziwe CarH, nimezibana kwa kamba na kuzifunga pamoja kwa uzi mwekundu, maana B12 ni nyekundu. Nasukuma biro, inagonga pegi, inakwama. Rafiki yangu akawasha tochi ya simu, nikakata uzi na wembe, nikabandua pegi moja moja, biro ikapita mpaka mwisho. Darasa lote lilielewa, niliona kwa macho yao.

Lekchara akauliza, giza likirudi? Hilo nilikuwa nimelisoma vizuri. Kuna protini kama EL222, yenyewe hushika DNA ikipata mwanga wa buluu, na gizani inarudi ilivyokuwa kwa sekunde tu. CarH hairudi, B12 ikishakatika imekatika, lazima bakteria atengeneze protini mpya na ipate B12 nzima. Nikaacha zile pegi hapo chini zilipoanguka, nikatoa zingine nne kwa begi, na uzi mpya.