Nilirudi uwanjani kwa kubeba koni

Wacha nianze na ushauri mbovu maana ndio ulionichelewesha. Nilivyoacha kufundisha mpira kila mtu Tandika akawa daktari. Huyu "mwalimu jikaze, mpira ndio dawa yako", yule "achana nao kabisa, kaange hata chipsi". Kuna jamaa akanikumbusha kocha Klopp, kwamba 2024 si alisema ameishiwa nguvu akaaga Liverpool akaenda kupumzika, na wewe pumzika. Sawa kaka, ila Klopp hadaiwi na duka la dawa.

Nilikuwa na timu mbili, madogo chini ya miaka 15 na timu ya mtaa ya ndondo, yale mashindano ya mitaani. Leseni yangu ya ukocha ni CAF D, ya shirikisho la soka Afrika, ile ya chini, lakini majukumu utadhani nina Taifa Stars: kocha mimi, mweka hazina mimi, mfua jezi mimi, msuluhishi wa wazazi mimi, na nauli ya madogo wa Buza inatoka mfukoni kwangu. Malipo soda na "ahsante mwalimu". Kabla hata ya ugonjwa wa nyumbani nilishaanza kuharibika, simu ikiita moyo unaenda mbio, nikifika uwanjani nabaki nimekaa kwenye pikipiki dakika kumi nzima sitaki kushuka. Nikajua malaria. Nikapima mara mbili, hamna kitu.

Ndipo bimkubwa, mama yangu, akaanguka. Aliamka alfajiri mdomo umeenda upande, kikombe kinamtoka mkononi, na sisi kwa akili zetu tukapoteza nusu siku tunabishana ni jini au ni presha, jirani ameshaleta mpaka kombe, na mimi miaka yote hiyo kombe nililokuwa nalitafuta sio lile. Jamani, mdomo ukipinda na mkono ukagoma kimbieni hospitali saa hiyo hiyo, mtabishana mkiwa kwenye foleni. Ilikuwa kiharusi. Vidonge vya presha alikuwa ameviacha mwenyewe, eti anajisikia mzima. Upande wa kulia ukalala, watoto wake tuliopo Dar ni mimi tu, nikamwachia msaidizi wangu filimbi na begi la mipira nikarudi nyumbani kubadilisha pampasi.

Sasa hapa ndio pa kunicheka. Baada ya miezi minne nikajiona nimepona. Timu ya ndondo ina mechi ya kutoa mtu, viongozi wananibembeleza, na mimi sifa zinanisumbua, nikavaa trakisuti nyeupe nikaingia kama mwenye nyumba karudi kutoka safari. Dogo wa watu aliyekuwa anafundisha akasogea pembeni bila neno. Tunaongoza 2-1, dakika ya sitini hivi beki tatu wetu, yule wa kushoto, akachelewa kurudi, krosi ikapigwa, sio goli hata, mpira ulitoka nje! Mimi nikaingia uwanjani. Kabisa, ndani ya chaki, namfokea yule mtoto mpaka sauti ikakatika, nikaona midomo ya watu inacheza ila sisikii wanachosema, mikono inatetemeka kama nimekula shoti. Refa anakuja na kadi mimi nishatoka zamani, nimevuka barabara, nikaingia kwenye bajaji iliyopaki nikalala. Nililala kweli, mwenye bajaji kaniamsha magharibi anataka elfu mbili ya usumbufu. Tulifungwa 3-2. Beki tatu ndiye aliyeniletea chupa yangu ya maji nyumbani, nikaona aibu hata kumkaribisha ndani.

Kilichonirudisha sikukipanga. Mtaalamu wa viungo alikuwa anakuja nyumbani kwa elfu ishirini na tano, thelathini, na nauli juu, mara mbili kwa wiki, hela ikakata. Nikamwomba anifundishe nifanye mwenyewe. Nyingine ni za kunyoosha vidole na kusimama huku ameshika meza, ila ile ya mguu nikamuuliza kama naweza kutumia mpira, akasema ruksa. Nikachukua mpira namba tatu, ule mdogo, nikautoa upepo kidogo usikimbie, bimkubwa anakaa kwenye kiti cha mgongo, unyayo juu ya mpira, mbele nyuma, mbele nyuma, ishirini tunapumzika. Wiki za mwanzo mguu nausukuma mimi kwa mkono. Baadaye nikaweka koni mbili za mazoezi sebuleni, apitishe mpira katikati. Siku aliyopitisha mwenyewe alitulia kidogo akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "refa, hesabu hilo." Nilicheka mpaka machozi, halafu nikashtuka kitu kimoja: nina miezi namfundisha mtu na sijapaza sauti, na moyo umetulia.

Kurudi uwanjani sasa, shida ni kiti cha ukocha. Wanaofuatilia wanakumbuka kocha Luis Enrique 2019, aliiacha Hispania sababu ya ugonjwa wa binti yake, msaidizi wake Moreno akaivusha timu mpaka mashindano ya Euro, aliporudi wawili hao hawakuelewana tena na maneno yakatoka hadharani. Nilikuwa naiwaza sana ile habari. Msaidizi wangu ana timu miezi minane sasa, madogo wanamsikiliza, na kwa kweli wanacheza vizuri kuliko kwangu (hili inaniuma kuliandika). Nikamfuata kijiweni nikamwambia, naomba nipange koni tu, Jumanne na Alhamisi. Akasema "mwalimu usinifanyie hivyo, watu watanionaje." Nikamwambia watanicheka mimi. Na walicheka, mwezi mzima naitwa Waziri wa Koni.

Ila nilikuja na masharti. Grupu la wasapu sirudi, hela ya timu sishiki, mzazi akinifuata namwonyesha kocha kule, na simu kubwa naiacha nyumbani nabeba kitochi chenye namba ya dada anayekaa na bimkubwa. Filimbi sikuigusa miezi mitatu. Yule dogo zamani nikimwita "we dogo", sasa namwita kocha, mwanzoni neno lilikuwa linanikwama kooni kama mwiba wa changu.

Ndondo sijarudi na sina mpango. Madogo nawafundisha mabeki, nusu saa, kimya kimya, beki tatu yule sasa ananisaidia kuwaelekeza wadogo zake. Bimkubwa anatembea na fimbo, nikirudi anauliza matokeo hata siku ya mazoezi. Saa kumi na mbili niwe nimefika, ana zamu yake, na ndio maana nikimaliza naondoka na koni zangu begani. Zilikuwa ishirini, zimebaki kumi na nne. Aliyebeba zile sita kwenda Buza arudishe, mgonjwa anazihitaji.